Mtwana wa Taifa

Katika nchi moja, ambayo jina lake hubadilishwa kila anapokuja balozi mpya, serikali iliishiwa na wakati ujao. Halikuwa kosa la mtu. Wakati ujao ulikuwa umeahidiwa mara nyingi mno, katika mipango ya miaka mitano, ya miaka kumi na ya miaka hamsini, hata ukachakaa kabla haujafika. Wananchi wakiusikia ukitajwa redioni walizima redio. Baraza la Mawaziri likakutana siku tatu, likala, likanywa, likaona kwamba mbele hakuna nafasi tena. Pamebaki nyuma.

Bahati ikasaidia. Mtukufu Rais alishikwa na mafua yaliyomlaza wiki saba, na wiki zote saba alizimaliza kwa tamthilia moja ndefu ya kigeni, yenye mashujaa waliovaa chuma mwili mzima, ngome zenye minara iliyochongoka, joka, na wafalme waliochomana visu mezani kabla chakula hakijaisha. Alipopona alimwita Profesa Alawi Mshangama, mshauri wake wa mambo ya kale, akamwuliza kwa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa:

"Profesa, hivi sisi hatukuwa na vitu hivi?"

Profesa, aliyekuwa akilisubiri swali hilo miaka ishirini na miwili bila gari la ofisi, alisimama wima. "Tulikuwa navyo, Mtukufu! Karne ya kumi na nne. Mji mzima wa mawe, masultani, siwa za pembe za ndovu, sahani za Kichina zimepachikwa ukutani. Magofu yake yako pale Tanuuni, nyuma ya dampo."

"Na joka?"

"Joka linafanyiwa utafiti."

Ndivyo ilivyozaliwa Wizara ya Enzi. Kabla ya mwezi kwisha kampuni ya simu ilikuwa inauza vifurushi vya Kisultani, watangazaji wa taarifa ya habari walisoma wakiwa wamevaa joho, na walinzi wa Ikulu walivishwa deraya zilizofuliwa kwa mabati ya kuezekea. Wakizimia kwa joto saa nne asubuhi walimwagiwa ndoo ya maji, wakasimamishwa tena. Watoto wa shule waliandika insha: "Kama ningekuwa Sultani." Hakuna aliyeandika insha nyingine. Haikutolewa.

*

Huko Tanuuni, nyuma ya dampo, aliishi fundi mwashi aliyeitwa Songoro Feruzi, mtu wa miaka hamsini na tisa, mkono wa kulia mrefu kidogo kuliko wa kushoto kwa sababu ya mwiko na ndoo. Mtaa ulipewa jina lile kwa ajili ya tanuu za chokaa. Watu wake, tangu enzi hizo zinazoimbwa, walichimba mawe ya matumbawe, wakayachoma, wakaupika unga wake ndani ya shimo la maji hata ukawa chokaa ya kujengea. Wengine wote walikuwa wamehamia kwenye saruji. Songoro alibaki peke yake na shimo lake, kwa kuwa chokaa hulowekwa miezi sita na nchi ile haikuwa na mtu mwingine wa kusubiri kitu chochote miezi sita, isipokuwa mishahara.

Kwa chokaa hiyo, na kwa mawe aliyoyaokota moja moja, alimjengea mama yake nyumba. Ilimchukua miaka kumi na tisa. Mama yake, Bi. Sikujua, alizaliwa ndani ya makuti, akaolewa ndani ya makuti, akaunguliwa na makuti mara mbili. Miguu ilikuwa imemkataa tangu mvua za mwaka juzi, na kitu kimoja tu alichokuwa anakitaka katika dunia hii kilikuwa kulala, na Mungu akipenda kufa, chini ya dari isiyovuja. Dari ilikamilika mwezi wa Rajabu. Mwezi wa Shabani ukatoka Waraka.

Waraka Namba Moja wa Kurejesha Utukufu ulieleza, kwa lugha tamu, kwamba katika enzi zile nyumba za mawe zilikuwa za waungwana peke yao. Viatu vilikuwa vya waungwana. Mwavuli ulikuwa wa waungwana. Hivyo, kwa kuiheshimu historia, kila raia alipewa siku thelathini kuthibitisha uungwana wake kwa nasaba inayofika karne ya kumi na nne. Atakayeshindwa atavuliwa viatu na kurudishwa kwenye makuti yake ya asili, kwa heshima zote. Na kuanzia siku hiyo ilikuwa marufuku kwa mwungwana kufanya kazi ya mikono, maana kazi ya mikono ndiyo iliyoichelewesha nchi.

Siku ya tatu wakaja watu wawili na ndoo ya rangi. Mmoja alishika karatasi, mwenzake akachora alama ya X nyekundu kwenye ukuta wa Songoro, kubwa, kutoka dirishani hadi mlangoni.

"We bwana!" Songoro alitoka mbio na mwiko mkononi. "Ukuta huo haujakomaa!"

"Mzee, usitupigie kelele. Sisi ni watu wa rangi tu."

Sauti ikatoka chumba cha uani. "Songoro, nani huyo anakwaruza nyumba yangu?"

"Ni serikali, bibi!" alijibu yule wa karatasi, kwa adabu.

"Mwambie apite ndani nimwone uso. Miaka themanini naisikia, sijapata kuiona."

Wale watu wa rangi walicheka, wakamtakia mgonjwa nafuu, wakaenda kuchora kwa jirani.

*

Idara ya Nasaba ilifunguliwa katika jengo la zamani la Wizara ya Mipango. Songoro alipofika asubuhi mstari ulikuwa umezunguka jengo mara mbili na unaanza mara ya tatu. Karibu na dirisha alikuwa amesimama jirani yake Tosiri Mabruki, muuza mkaa, amenawa uso na kusahau masikio.

"Songoro! Shika mstari, ndugu yangu, masultani wanakwisha!"

"Wewe umepata nani?"

"Sultani Hasani mwenye jicho moja."

"Kwa nini wa jicho moja?"

"Wa macho mawili wamechukuliwa na wabunge."

Songoro alimtazama. Walikuwa wamekula chungu kimoja tangu utotoni. "Tosiri, babu yako alikuwa anabeba mawe na babu yangu. Kamba moja, mti mmoja mabegani, yeye mbele wangu nyuma."

"Hayo yalikuwa kabla ya Waraka," alisema Tosiri, na kuangalia pembeni.

Dirishani alikaa karani aliyeitwa Mwinyipembe, kijana mpole, mchovu, mwenye faili nene la wafu. Alilifungua bila kuinua macho. "Kwa leo nimebakiwa na mjukuu wa waziri wa sultani, kadhi mmoja, na bibi wa Kishirazi aliyekufa bila mtoto. Huyo bibi ni mzuri, tutampatia watoto. Unachagua, unatia saini, unavaa viatu vyako palepale."

"Na mtu akiwa na wake mwenyewe?"

"Wake nani?"

"Mababu."

Karani aliinua macho. Swali hilo halikuwa limewahi kuulizwa. "Basi chukua fomu ukajaze nyumbani," alisema, kama mtu anayempa mgonjwa maji.

Sasa, Songoro alikuwa na mababu. Alikuwa nao ishirini na wawili, kwa majina, mmoja baada ya mwingine. Mama yake alimfundisha walipokuwa wakikoroga chokaa: kila zungusho la mti, jina moja. Songoro wa Feruzi wa Majaliwa wa Baraka wa Nasibu wa Songoro mwingine, mpaka kwa wa ishirini na mbili, Nang'olo, aliyeletwa katika mji ule wa mawe akiwa na kamba shingoni, sultani wa kwanza akiwa bado yu hai. Bi. Sikujua hakujua kusoma, lakini katika nchi nzima ile ndiye aliyekuwa na nasaba ya kweli inayofika karne ya kumi na nne. Hakuna aliyemwuliza.

Songoro alikaa kitandani kwa mama yake na ile fomu magotini.

"Mama, naweza kuandika wa jicho moja kama Tosiri. Nyumba itabaki."

"Andika unalotaka, kalamu ni yako." Bi. Sikujua alikuwa anaitazama dari. Alikuwa akiitazama kutwa, kama wengine wanavyotazama televisheni. "Lakini ukiandika jina la baba wa mtu mwingine, siku ukinizika utakuwa unamzika mama wa nani?"

Songoro aliandika majina yote ishirini na mawili, karatasi ikajaa, akageuza nyuma. Penye neno Kazi ya Mababu aliandika: kuchoma chokaa na kubeba mawe. Penye Cheo aliandika: hawakupewa.

Karani Mwinyipembe aliisoma mara mbili kesho yake. Kisha alisimama na kufunga dirisha, saa tatu asubuhi, mstari ukiwa umezunguka jengo mara nne.

*

Siku thelathini zilipokwisha, hesabu ilitangazwa kwa mizinga. Nchi ilikuwa na watu milioni nne na waungwana milioni nne kasoro wawili.

Matokeo yalikuwa ya kupendeza. Dampo halikuzolewa, ila lilipewa jina la Mlima. Mwanamke aliyekaanga maandazi aliyakaanga nyuma ya pazia na kuyaita sanaa. Daktari wa upasuaji alitaka kujua kama kisu ni kazi ya mikono. Akaambiwa asubiri mwongozo, na mgonjwa naye akaambiwa asubiri. Kila mtu alitembea chini ya mwavuli, na barabarani miavuli iligongana hata waungwana wakatiana makofi, kila mmoja akidai mwenzake ndiye ampishe.

Na kasri la masultani lilikuwa limejengwa upya ndani ya siku zilezile thelathini, usiku na mchana, wajenzi wakiwa bado hawajapata vyeti vyao. Waliharakishwa wamalize kabla hawajawa masultani. Lilijengwa kwa matofali ya saruji. Songoro aliitwa kusaidia, akashangaa kuona minara sita iliyochongoka, na daraja la mbao la kuinuliwa kwa minyororo juu ya mtaro wa maji machafu.

"Hii haikuwepo," alimwambia Waziri wa Enzi, Mheshimiwa Fumo Makungu, ambaye zamani aliitwa Kasmiri Makungu. "Nyumba zao zilikuwa na uwanda, na baraza, na madaka ya kuwekea sahani ukutani. Minara hii imetoka wapi?"

"Haikuwepo kwa sababu wazee wetu hawakuwa na bajeti," alisema Waziri. "Sisi tunawakamilishia."

Tatizo lilitokea siku ya mazoezi ya Sikukuu ya Enzi. Mtukufu Rais aliketi katika kiti chake, siwa ikapulizwa na mwanajeshi wa bendi, vitambaa vikatandikwa.

"Haya," alisema Mtukufu. "Nani ananiinamia?"

Majenerali walitazamana. Wote walikuwa wa ukoo wa kisultani, wengine wa masultani waliomwua sultani wa Mtukufu. Mawaziri walitazama viatu vyao vipya. Mpishi wa Ikulu aliulizwa. Akatoa cheti: mjukuu wa kadhi.

"Kwenye tamthilia watu wanainama!" Mtukufu alipiga kiti ngumi. "Uwanja mzima unainama! Profesa, hii ni enzi gani?"

Profesa Alawi alijifuta jasho. "Mtukufu, tumepungukiwa. Tumefanya harusi, tumealika watu, wote wamekuja kama maharusi."

"Nitafutieni mtu wa chini. Mmoja tu. Nchi nzima hii mkose mtu mmoja wa chini?"

Ndipo Karani Mwinyipembe, kwa sauti isiyosikika vizuri, aliposema kwamba anayo fomu.

*

Msafara uliingia Tanuuni na ving'ora. Waziri Makungu aliteremka, kiatu chake kikazama kwenye shimo la chokaa, akatoa mguu mweupe mpaka kwenye goti, akaendelea kutabasamu. Profesa alimfuata na mkoba.

"Hodi, wenyewe!"

"Karibuni," Songoro alisema, na kuwatolea mkeka.

"Mzee Songoro, wewe ni hazina," alianza Waziri. "Hazina! Wengine wote wana nasaba. Wewe una ushahidi. Serikali, kwa kutambua mchango wa watu wako, imeamua kukupa cheo cha Mtwana wa Taifa. Kuna cheti chenye ukingo wa dhahabu. Kuna picha yako kwenye stempu."

"Nyumba yangu ina alama nyekundu, Mheshimiwa."

"Itafutwa. Kwa amri maalumu nyumba hii itahesabiwa kuwa banda."

"Na mama yangu?"

"Atahesabiwa ndani ya banda."

"Nifanye nini?"

"Kidogo sana. Unavua viatu, unabeba jiwe moja kichwani hatua arobaini, unainama mbele ya kiti cha enzi, kile kilichofukuliwa magofuni, halafu unasema sentensi moja."

Songoro alikunja uso. "Kile kiti cha jiwe chenye tundu katikati?"

"Hichohicho. Kina miaka mia sita."

"Mheshimiwa, lile jiwe nalijua, nimelifagia miaka mingi. Lilikuwa uani, pembeni, juu ya shimo. Lile ni jiwe la choo."

Profesa alianza kukohoa. Waziri hakukohoa. Alimwekea Songoro mkono begani. "Mzee, sasa hivi umeingia kwenye siri za taifa. Hongera. Uzitunze."

"Na hiyo sentensi?"

Profesa alitoa karatasi iliyopigwa mihuri mitatu, akaisoma kwa hisia: "Mababu zangu walibeba mawe haya kwa furaha."

Nzi wa dampo walikuja kutua juu ya mihuri.

"Waulize hiyo furaha ilikuwa wapi," ilisema sauti ya Bi. Sikujua kutoka ndani. "Sisi tuliachiwa mawe tu. Kama ilibaki kwao waturudishie."

"Mama ana utani," alisema Waziri.

"Mama hana utani," alisema Songoro.

Wageni walipoondoka alikaa tena kitandani. Mama yake aliitazama dari muda mrefu, pembe hii na pembe ile, akaitazama kama anayeipapasa.

"Kaseme, mwanangu."

"Mama, wewe ndiye uliyenikataza jicho moja."

"Nilikukataza kubadili watu. Hawa wanataka maneno mawili. Nimezeeka, Songoro, sitaki kuloweshwa tena na mvua. Kayaseme hukohuko uyaache. Usirudi nayo hapa."

*

Sikukuu ya Enzi ilianza saa tatu, na saa nne walinzi kumi na mmoja walikuwa wamezimia ndani ya mabati yao. Uwanja ulijaa miavuli, haukuonekana uso wa mtu. Mtukufu Rais aliketi juu ya jiwe lile, lililotiwa mto wa mahameli kuziba tundu. Televisheni zote nne zilionyesha, na zote nne ni za serikali.

Songoro alikuwa ameyafanyia mazoezi yale maneno siku sita. Aliyasema akichota maji, akayasema akila, yalikuwa yamemlainikia mdomoni kama ubani. Alijua anayafanyia nini. Mvua za vuli zilikuwa wiki tatu mbele.

Wakamtwika jiwe. Wizara ilitaka jiwe la plastiki, Profesa akasisitiza la kweli, kutoka kwenye magofu. Songoro aliinua mikono kulishikilia, akaanza kuhesabu hatua. Hatua ya kumi na mbili vidole vyake viliingia mahali. Chini ya lile jiwe, upande usioonekana, mtu alikuwa amechonga vishimo viwili, vya kina cha kiungo cha kidole, kimoja huku na kimoja huku, ili jiwe lisimponyoke. Vilikuwa vimelainika kwa ndani. Vilikuwa vimetumiwa na wengi.

Alimaliza hatua arobaini. Akainama na jiwe lake. Kipaza sauti kikaletwa mdomoni.

"Mababu zangu walibeba mawe haya," alisema Songoro.

Uwanja ukasubiri.

"Kwa furaha," alinong'ona Profesa nyuma yake.

Songoro alifungua mdomo. Vidole vyake vilikuwa bado ndani ya vile vishimo. Aliiona dari. Aliiona kweli, nyeupe, na mama yake chini yake.

"Mababu zangu walibeba mawe haya," alisema tena.

"Kwa furaha, Mzee! Kwa furaha!"

"Walibeba," alisema Songoro.

"Ameharibika?" aliuliza Mtukufu, kwa sauti aliyozoea kuulizia vipaza sauti.

Watu walianza kuguna. Na hapo, kutoka chini ya mwavuli mmoja katikati ya uwanja, muuza mkaa Tosiri Mabruki, mjukuu wa Sultani Hasani mwenye jicho moja, alipiga kelele kwa nguvu zake zote: "KWA FURAHA!"

Mwingine akaitikia. Kisha kumi. Kisha uwanja wote, miavuli ikipanda na kushuka, sauti laki nne: "KWA FURAHA! KWA FURAHA!" Wakapiga vigelegele. Wengine walilia. Mtukufu Rais alisimama, akapunga mkono, akasema hajapata kuona sikukuu iliyofana kiasi kile. Sentensi ilikuwa imekamilika.

Ila Waziri Makungu alikuwa mtu wa utaratibu. Makubaliano yalikuwa aseme mwenyewe.

*

Asubuhi iliyofuata tingatinga lilifika Tanuuni juu ya lori. Likateremshwa kwa shida, likaegeshwa mbele ya ule ukuta wenye X. Halafu halikwenda popote. Dereva wake, mjukuu wa waziri wa sultani, alikaa chini ya mwavuli akila karanga.

"Bomoa!" aliamuru Waziri.

"Mheshimiwa, usukani unashikwa kwa mikono."

Wakaitafuta sheria. Sheria ilikuwa wazi. Katika nchi nzima, ukimtoa mama asiyeweza kusimama, mtu mmoja tu ndiye aliyeruhusiwa kufanya kazi ya kubomoa nyumba ya Songoro, naye ni Songoro. Wakamletea nyundo. Karani Mwinyipembe alimkabidhi kwa mikono miwili, bila kumtazama.

Songoro aliipima nyundo, akaona mpini wake ni mzuri. Akailaza chini taratibu.

"Leo nimechoka," alisema.

"Umechokaje? Wewe ni mtwana!"

"Ndiyo maana, Mheshimiwa. Nchi nzima mko milioni nne mmepumzika, mimi peke yangu nimechoka kwa niaba yenu."

Waziri alizunguka tingatinga mara tatu. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Wizara, shughuli za serikali zilisimama na watu wote waliona zimesimamishwa na nani. Kwa muda wa nusu saa hivi kitu chochote kingewezekana. Kisha Karani Mwinyipembe, ambaye nyumbani alikuwa na watoto wanne, alikohoa akasema labda inaweza kutolewa karatasi. Kibali. Utwana wa Muda. Mwungwana avuliwe uungwana kidogo, afanye kazi ya taifa, arudishiwe.

"Atakubali nani?" aliuliza Waziri.

"Kuna nishani," alisema karani. "Na tukiweka pilau..."

Mstari ulikuwa umezunguka nyumba mara mbili kabla wino haujakauka. Wa kwanza alikuwa Tosiri. Alivua viatu vyake, akavipanga vizuri na kuvikabidhi, akapokea kibali, akaokota ile nyundo.

"Usinichukie, Songoro. Nisipofanya mimi atafanya mwingine."

"Basi mwache mwingine afanye."

"Ndiyo hivyo, sasa nimeshapata namba."

Songoro aliingia ndani, akamfunika mama yake, akambeba mgongoni na kumlaza kando ya shimo la chokaa chini ya nailoni. Watu mia mbili na kumi na mmoja wakaanza kazi. Haikuwa rahisi. Nyundo zilidunda. Saruji ingekuwa imekwisha kabla ya adhuhuri, lakini ule ukuta ulikuwa umepikwa miezi sita na kungojewa miaka kumi na tisa.

"Hivi uliujengea nini huu?" Tosiri alihema, jasho likimtoka kidevuni.

"Ulijengwa kukaa," alisema Songoro.

Bi. Sikujua, chini ya nailoni, alikuwa amegeuza uso upande wa nyumba. Kila mpiga nyundo aliyemtambua kwa sauti alimtajia watu wake, polepole, bila hasira, kama anayewasalimia wazazi wao. "Tosiri wa Mabruki wa Tajiri wa Farijala. Farijala alivunjika mgongo pale kwenye ngazi." "Na wewe, wa Almasi wa Heri wa Mbaruku. Nilimnyonyesha baba yako." Kila alipotaja jina walipiga kwa nguvu zaidi, nyundo zote pamoja, ili lisisikike. Alasiri dari ikaanguka. Hapo alinyamaza.

*

Siku ya pili wote mia mbili na kumi na mmoja walikwenda Wizarani, wameshiba pilau, wamevaa nishani, kurudisha vibali na kuchukua viatu.

Karani Mwinyipembe alisoma kibali cha kwanza juu hadi chini. Akasoma cha pili. Rangi ikamtoka usoni.

"Kina tarehe ya kuanza," alisema.

"Ndiyo," alisema Tosiri.

"Tarehe ya mwisho haikuandikwa."

"Si imeandikwa ni wa muda?"

"Muda upo. Haukuandikwa ni upi."

Walipelekwa kwa Waziri. Waziri alisema suala limepokelewa. Profesa aliisoma sheria akafurahi bila kuficha: kwa mahesabu yake, enzi yenye watu wa chini mia mbili na kumi na mmoja ilikaribia viwango vya kimataifa. Viatu viliwekwa ghalani. Nyumba za watu wale zikachorwa X, na watu wa rangi wakaeleza kila mlango kwamba wao ni watu wa rangi tu. Na kwa kuwa kasri lilikuwa limeanza kupasuka upande wa mnara wa tatu, saruji ikimeguka kama biskuti, Wizara iliagiza mawe ya Tanuuni, yale yaliyobomolewa, yabebwe kwa vichwa hadi kasrini, kama zamani.

Songoro alikuwa ameketi kando ya mama yake chini ya nailoni. Wingu la kwanza la vuli lilikuwa limeshasimama upande wa dampo. Barabarani mbele yao mstari wa watu ulipita pekupeku, mmoja nyuma ya mwingine, shingo zimezama mabegani. Tosiri alikuwa wa kwanza. Hakugeuka.

"Nani hao?" aliuliza Bi. Sikujua, aliyekuwa amelala chali. "Nasikia miguu."

"Tosiri na wenzake."

"Wamebeba nini?"

"Nyumba yako."

Juu yao nailoni ilipigwa na upepo ikatoa mlio.

"Wana ngata vichwani?"

"Hawana. Hawajui kusokota."

"Jiwe tupu linakula utosi," alisema Bi. Sikujua. "Chukua ile kanga yangu kuukuu uichane. Nenda ukawasokotee."

Songoro aliichukua kanga, akaichana kipande cha kwanza, akakisokota mkononi. Alikaa nacho. Watu kumi na wanne walipita mbele yake kabla hajanyanyuka.